MJADALA: Hoki ya barafu ya vyuo Marekani, aliyefanya vizuri msimu mzima acheze mtoano kwake au uwanja huru?

Wakuu habari za usiku. Najua wengi wetu damu ni Simba na Yanga, ila mimi mwaka wa tisa huu naishi Portland, Maine, na huku nimedakwa na hoki ya barafu ya chuo, timu ya University of Maine, Black Bears. Wikiendi za baridi nawasha gari, masaa mawili na kitu mpaka Orono, chuo kilipo, theluji pembeni imerundikwa inazidi urefu wa gari, naingia uwanjani Alfond na jezi nimeivaa juu ya koti. Sasa nina jambo linanikereketa na nataka tulijadili kwa hoja.

Kwa asiyefuatilia: mwezi wa tatu timu 16 za vyuo zinaingia kwenye mtoano wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Zinagawanywa vituo vinne, kila kituo timu nne, mechi ni moja tu, ukifungwa umerudi nyumbani. Washindi wanne wa vituo ndo wanakutana nusu fainali, wanaiita Frozen Four. Vituo vyenyewe vinapangwa muda mrefu kabla, kwenye viwanja huru, halafu chuo fulani kinapewa uwenyeji. Na kuna sheria, mwenyeji akifuzu lazima apangwe kwenye kituo alichoandaa yeye, hata kama kaingia kwa kuchechemea.

Sasa angalieni 2025. Maine tumebeba ubingwa wa ligi yetu, Hockey East, mara ya kwanza tangu 2004, watu wazima walilia. Tukaingia mtoano tukiwa namba moja wa kituo. Kituo chenyewe? Allentown, Pennsylvania, zaidi ya kilomita 800 kutoka Orono. Mpinzani wa kwanza? Penn State, aliyepangwa wa nne na wa mwisho pale, na ndiye mwenyeji, chuo chake kipo jimbo hilohilo, mashabiki wake ni mwendo wa masaa matatu hivi. Tukapigwa 5–1. Nilikuwa sebuleni na mwanangu, bao la tano lilipoingia akavua jezi kimya kimya akaikunja akaiweka kwenye mkono wa kochi, hakusema kitu. Mimi pia sikuwa na la kumwambia.

Sisemi barafu ndo ilitufunga. Penn State walicheza, na keshokutwa yake wakamtoa UConn (chuo kikuu cha Connecticut) 3–2 dakika za nyongeza wakaenda Frozen Four kwa mara ya kwanza kwenye historia yao, heshima yao. Ninachouliza ni hiki, huo uwanja ulikuwa huru kwa nani? Ukihangaika kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu ukashika nafasi ya juu, zawadi yako ni safari ndefu kwenda kucheza na mwenyeji?

CAF kwenye robo fainali aliyeongoza kundi anamalizia mechi ya pili nyumbani, hiyo ndo faida ya kuongoza kundi na hakuna anayelalamika. Na hapahapa kwenye hoki ya vyuo, upande wa wanawake robo fainali zinachezwa kwenye uwanja wa chuo kilichopangwa juu. Wanaume wenyewe kabla ya 1992 raundi za mwanzo walikuwa wanacheza vyuoni.

Alfond inaingiza watu elfu tano na kidogo tu, lakini nendeni siku moja mkasikie. Paa liko chini, bendi ya chuo inapiga tangu kabla timu haijatoka, wanafunzi wamepanga foleni nje kwenye baridi ya kuuma masikio ili wapate nafasi nzuri, na beki wa kwetu akimbamiza mtu kwenye ukuta kile kioo kinatikisika mpaka unasikia kwenye magoti. Halafu mechi kubwa kuliko zote za mwaka unazihamishia ukumbi wa mji ambao mwanafunzi hana nauli ya kufika, hajui wiki moja kabla kama atahitaji hoteli ya siku moja au tatu. Mimi mwenyewe na kazi ya shifti nilishindwa kwenda.

Nimerudi baada ya kusoma mlichoandika. Kuna mdau kasema vyuo vidogo vitaonewa, kwamba uwanja huru ndo nafasi yao pekee. Ndugu yangu, 2019 AIC (American International College), chuo kidogo cha Massachusetts, kilimtoa St. Cloud State ya Minnesota aliyekuwa namba moja wa nchi nzima, 2–1, na mechi ilichezwa Fargo, North Dakota, mbali sana na kwao na karibu na kwa St. Cloud. Mdogo akiwa na kipa aliyeamka vizuri anashinda popote.

Mwingine kasema mwenyeji atapata faida ya kuwa wa mwisho kubadilisha wachezaji, yaani anaona kwanza mpinzani kaingiza nani. Hiyo aliyepangwa juu anapewa tayari hata kwenye uwanja huru, kwa hiyo kinachoongezeka ni kelele na kulala kitandani kwako.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya viwanja vidogo. Kuna vyuo vizuri sana vyenye viti elfu tatu tu na ushee, na mashabiki wa timu mgeni watapata tiketi chache mno, hapo sina jibu la moja kwa moja. Ila hata huko, bora elfu tatu wamejaa kuliko ukumbi mkubwa nusu tupu.

Pendekezo langu: raundi ya kwanza, nane wa juu wacheze kwao. Robo fainali, aliyepangwa juu kati ya wawili waliobaki acheze kwake. Frozen Four ibaki uwanja huru kama ilivyo, ile ni sherehe ya wote.

Wa Minnesota na North Dakota, najua mpo na mnaingia viwanjani, vituo vikija huko mnafaidi. Mngekubali kupoteza Fargo ili mcheze kwenye chuo chenu?