Joho la sufu au la turubai lililotiwa mafuta: lipi litamfaa mzee wakati wa masika?

Muulizaji, Kibosho
Habari za majukumu, ndugu zangu. Ninataka kumnunulia baba yangu joho la kujifunika, kwa kuwa kila alfajiri, mvua iwepo isiwepo, huenda kuwakatia ng'ombe majani, na koti lake la nailoni humlowesha kwa jasho kabla mvua haijamfikia. Kwenye soko la mitumba la Memorial, Moshi, nimeona joho zito la sufu na jingine la turubai lililotiwa mafuta, mfano wa yale waliyovaa mabaharia wa Ulaya zamani. Baba amevuka miaka 70, na akirudi hukaa jikoni kuota moto. Lipi litamfaa?

Fundi cherehani, Moshi mjini
Mfikishie mzee shikamoo yangu. Kwa mtu anayetembea, kuinama na kubeba mzigo, mimi ningechagua sufu. Nyuzi zake hunyonya mvuke wa jasho hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla mtu hajahisi unyevu, na hata ikilowa huendelea kutunza joto, kwa sababu nyuzi hizo zimejikunjakunja na hushikilia hewa. Tafuta sufu iliyoshindiliwa, yaani iliyofumwa kisha ikapondwa majini hadi ikafungamana, kama wafanyavyo watu wa milima ya Austria. Ukiinua kitambaa kwenye mwanga, usione matundu.

Hakikisha pia kwamba ni sufu kweli, maana majoho na mablanketi mengi ni ya akriliki, yaani nyuzi za plastiki. Omba ruhusa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uuwashe kwa kiberiti: sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe, na majivu yake husagika vidoleni, ilhali akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kwa mzee anayekaa karibu na mafiga, jambo hilo peke yake lingetosha kuamua. Urefu uishie magotini, asije akakanyaga pindo akipanda mlima.

Mpagazi mstaafu, Machame
Kijana wangu, fundi amesema vyema, ila masika ya huku si manyunyu. Mvua kubwa ikipiga mfululizo, sufu hulowa na kuwa mzigo kwa mabega ya mtu wa umri huo. Turubai lililotiwa mafuta ya mbegu za kitani au nta huzuia maji, na kwa kuwa joho halina mikono, hewa hupita kwa chini na jasho hupungua. Siku kama hizo avae sweta la sufu ndani na turubai juu, kisha alivue kabla ya kuingia jikoni, kwani nta huyeyuka na mafuta hushika moto.

Muuza mitumba, Memorial
Turubai la namna hiyo halifuliwi kwa sabuni wala maji ya moto. Lifute kwa maji baridi na ulianike kivulini. Penye mikunjo iliyopauka ndipo panapoanza kuvuja, hivyo paka nta upya. Tambara ulilopakia mafuta ya kitani litandaze nje likauke, usilikunje, kwa sababu hujipasha joto na laweza kuwaka lenyewe.

Muulizaji, Kibosho
Shikamoo mzee wangu wa Machame, nawe muuza mitumba asante sana. Nitaanza na la sufu, kwa ajili ya ukungu na baridi ya Juni na Julai. La turubai nitamtundikia bandani kwa ng'ombe, mbali na jiko. Fundi, je, waweza kuliongezea kofia?