Majibu mawili ya uvimbe mmoja wa pafu: tuamini lipi?

Bintimkubwa:
Habari zenu wanajukwaa. Mama yangu ana umri wa miaka 52, hajawahi kuvuta sigara, na hakuwa na kikohozi wala maumivu ya kifua. Alipigwa picha ya kifua akiandaliwa kwa upasuaji mwingine kabisa, ndipo likaonekana doa la mviringo sehemu ya chini ya pafu la kulia. CT skani ilionyesha kinundu cha sentimita 2.5 chenye kingo laini. Alichomwa sindano, kikachukuliwa kinyama, na majibu yakasema kwamba seli zinaelekea kuwa za adenokasinoma, yaani saratani. Sasa kinundu chote kimeondolewa, na ripoti ya patholojia inasema ni nyumositoma ya sklerosi, wala si saratani. Tunatamani kufurahi lakini tunaogopa. Imewezekanaje uvimbe uleule upewe majibu yanayopingana kiasi hiki, na je, mama atahitaji tibakemikali?

Hadubini:
Pole dada, na umfikishie mama pole zangu. Kazi yangu ni kusoma vioo vya patholojia, yaani vipande vyembamba vya nyama vilivyowekwa juu ya kioo ili vichunguzwe kwa hadubini. Vya mama yako sijaviona, kwa hiyo naeleza tu jinsi uvimbe huu unavyojulikana. Ni wa nadra, huwapata zaidi wanawake wa umri wa kati, na mara nyingi hugunduliwa kwa bahati kama ilivyotokea kwenu. Ukikutana na maandishi ya zamani yanayouita hemanjioma, ni ugonjwa huohuo: Liebow na Hubbell walioueleza mwaka 1956 walidhani unatokana na mishipa ya damu, na uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 ndio ulioupa jina lililo kwenye ripoti yenu.

Ugumu wake uko ndani. Una seli za aina mbili: za juu, zinazofanana na zile zinazofunika vifuko vya hewa, na za duara, zilizojazana chini yake. Seli hizo hujipanga kwa mitindo minne, kwani penginepo utaona vijitawi vyembamba, penginepo tungamo la seli tupu, kwingine kovu gumu, na kwingine madimbwi ya damu. Sindano huchota kipande kidogo mno. Ikiangukia kwenye vijitawi, msomaji huona seli za juu zilizochangamka na kufikiria adenokasinoma; ikiangukia penye seli za duara peke yake, anaweza kusema ni kasinoidi, aina nyingine ya uvimbe wa pafu. Hata kipande kinachogandishwa na kusomwa haraka mgonjwa akiwa bado mezani huweza kupotosha vivyo hivyo.

Kuna mtego mwingine ambao, kwa maoni yangu, hautajwi vya kutosha. Kipimo cha TTF-1, tunachokitegemea kuthibitisha kwamba adenokasinoma imetoka kwenye pafu, huwa chanya katika uvimbe huu pia, tena katika seli za aina zote mbili. Kwenye sampuli ndogo, jibu hilo linaweza kuutia nguvu uamuzi usio sahihi. Uvimbe mzima ukiwa mkononi, tunaangalia pia keratini, protini ambayo huonekana wazi kwenye seli za juu huku seli za duara kwa kawaida zikiwa hazina.

Mpitanjia:
Daktari, samahani. Nimesoma kwamba uvimbe huu umewahi kukutwa kwenye tezi za limfu. Kitu kinachosambaa kinaitwaje kisicho saratani? Na kwa nini asingefanyiwa PET, ile picha ambamo seli zinazotumia sukari nyingi hung'aa, mapema, mashaka yakaisha?

Hadubini:
Swali la haki, ndugu. Ni kweli umekutwa kwenye tezi za limfu kwa wagonjwa wachache, lakini hata hao kwa kawaida wameendelea vizuri baada ya kuondolewa uvimbe, na ndiyo maana tunasema "kwa kawaida" si hatari badala ya kuapa. PET isingeamua, kwa sababu uvimbe huu unaweza kung'aa kiasi na kufanana na saratani inayokua polepole.

Dada, uvimbe ukishatolewa wote, tibakemikali na mionzi havihitajiki. Mwulize daktari wa upasuaji kama kingo za sehemu iliyokatwa ni safi, yaani hazina seli za uvimbe, na atamfuatilia mama kwa picha za aina gani. Kisha omba vioo vya ile sindano ya kwanza visomwe tena kando ya vioo vya uvimbe mzima, ikiwezekana na bingwa wa pili anayeshughulika na magonjwa ya kifua.

Bintimkubwa:
Ahsante sana, Daktari. Nimeifungua ripoti tena: TTF-1 ni chanya kwa seli zote, keratini kwa seli za juu tu, na kingo zimeandikwa kuwa safi. Vioo vya sindano havikutajwa popote, kwa hiyo kesho nitapeleka ombi kwa maandishi.