Themostati ya lori: niweke ya 71, 82 au 88?

Magurudumu Kumi
Wakuu, habari za kazi. Lori langu la dizeli linahitaji themostati mpya, ile vali inayofungua maji ya injini yaende kwenye rejeta yakipata joto. Niliyoitoa imechongwa 88, lakini dukani nimekuta zinazoingia palepale za 71 na 82 pia. Nikipanda mlima na mzigo mshale wa joto unasogea karibu na nyekundu, nikianza kuteremka unarudi. Nawaza kuweka ya 71 ili injini ipoe. Aliyewahi kujaribu naomba anisaidie kabla sijanunua.

Mwendapole
Mimi nilikwenda mbali zaidi yako, niliitoa kabisa. Mshale ulikaa chini na nikafurahi. Baadaye nikaona mafuta yanaisha haraka, asubuhi moshi mweupe haukatiki, na nikichomoa kijiti cha oili kinanuka dizeli. Nilirudisha themostati na kubadilisha oili. Usifanye nilivyofanya.

Fundi wa Sindano
Mwendapole kaeleza vizuri, ngoja niongeze sababu. Silinda ikiwa baridi, dizeli haiungui yote. Inayobaki inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili na kuingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Injini inalika ndani huku mshale unaonyesha mambo mazuri.

Tena kuna injini ambazo themostati ikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji haipoi kamwe. Lori la namna hiyo linaweza kuchemsha kwa sababu limetolewa themostati.

Sasa swali lenyewe. Hiyo 88 ni nyuzijoto ambazo themostati inaanza kufunguka. Nta iliyo ndani inayeyuka, inatanuka na kusukuma vali. Hadi ifunguke yote zinahitajika nyuzi kama 8 hadi 11 zaidi. Kwa hiyo kwenye mlima mrefu, maji yakifika 100, ya 71 iko wazi yote na ya 88 iko wazi yote. Hapo kazi ni ya rejeta, feni na pampu. Ya 71 itakuchelewesha kufika kwenye nyekundu kwa dakika chache tu, basi.

Kabureta Mbili
Fundi, nakubali kwa dizeli, ila tusiseme 71 haifai popote. Nina lori la zamani la petroli, halina kompyuta, na nimelitumia na ya 71 muda mrefu kwenye joto kali. Linakwenda.

Fundi wa Sindano
Kaka, injini yako ya kabureta haina sensa ya kulalamika, kweli. Hata hivyo nikikuwekea mimi ningekupa ya 82, oili ipate joto la kutosha kukausha unyevu. Fungua mfuniko wa oili uangalie chini yake. Ukikuta utando mweupe kama krimu, injini haipati joto.

Kwenye injini zenye kompyuta ndiyo sibishani na mtu. Kompyuta inasubiri joto fulani ndipo ipunguze mafuta. Isipolifikia, inaendelea kudhani injini ndiyo kwanza imewashwa. Na kama ni dizeli yenye chujio la masizi kwenye ekzosi, usafishaji wake unaweza kugoma na chujio likaziba. Weka namba aliyoweka mtengenezaji.

Magurudumu Kumi, ile ya zamani usiitupe. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, weka kipimajoto pembeni, pasha taratibu. Angalia inaanza wapi na inainuka kiasi gani.

Magurudumu Kumi
Fundi, nimefanya jioni hii. Nimekaa nayo nikiitazama: 88 kimya, 92 kimya. Kwenye 96 ikaanza kupumua upande mmoja, na hadi maji yanachemka ilikuwa imeinuka milimita 3 hivi. Mpya ya 88 kwenye sufuria ileile ilianza 87 na kuinuka karibu milimita 9.

Pia nimemulika tochi kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi. Kuna zulia la vumbi na mabawa ya wadudu, mwanga haupiti. Nitaiosha kwa maji kutoka upande wa injini.

Mwendapole
Hilo zulia ndilo linalokuchemshia mlimani, pamoja na themostati iliyochoka. Angalia na mfuniko wa rejeta: ukiwa mzima wa bar 1, maji matupu huchemka kwenye 120 hivi, si 100. Mpira wake ukipasuka unapoteza nafasi hiyo yote. Usiufungue injini ikiwa ya moto.

Fundi wa Sindano
Ukifunga hiyo ya 88, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu, hewa ipate pa kutokea wakati unajaza maji. Upande wenye nta uelekee kwenye injini.

Magurudumu Kumi
Nimekuelewa, mkuu. Ya 71 nimeiacha dukani. Kesho naosha rejeta na kufunga ya 88, keshokutwa napanda na mzigo uleule.