Naomba ushauri: kipindi cha dini chenye watoto wa madhehebu manne

Mwalimu wa Machungwani
Ndugu zangu walimu na wazazi, shikamooni mlionizidi umri. Ninafundisha darasa la tano katika shule ya msingi ya serikali wilayani Muheza, mkoani Tanga. Kipindi cha dini kikifika, watoto wa Kiislamu huenda chumba cha pili kwa ustadhi, na wa Kikristo hubaki kwangu. Tangu katekista aliyekuwa akitusaidia ahame, kipindi hicho nimekabidhiwa mimi, Mwanglikana wa kuzaliwa ambaye sikusomea somo hili chuoni.

Mbele yangu wamo Waanglikana, Wakatoliki, Wapentekoste na Wasabato. Wiki mbili zilizopita niliuliza Amri ya Nne ni ipi. Mtoto wa Kikatoliki akajibu, "Waheshimu baba na mama," nami nikamwambia amekosea, kwa kuwa nilivyofundishwa mimi hiyo ni ya tano, na ya nne ni ile ya kuikumbuka siku ya Sabato. Kesho yake mama yake alikuja na katekisimu mkononi, akanionyesha kwa upole kwamba mwanawe alijibu sawasawa. Niliumia sana, maana nilimwaibisha mtoto mbele ya wenzake kwa jambo alilolijua vizuri.

Lipo na la pili. Binti mmoja ana baba Mwislamu na mama Mkristo, kama zilivyo familia nyingi za huku Bonde. Kengele ya dini ikilia, yeye hutoka akakaa peke yake chini ya mchungwa mpaka kipindi kiishe. Nifanyeje?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba, binti yangu, na pole. Ukifungua Kutoka 20 au Kumbukumbu la Torati 5 utaona kwamba maandiko yenyewe hayazipi amri namba. Wakatoliki na Walutheri huunganisha katazo la miungu mingine na lile la sanamu kuwa amri moja, kisha huigawa ile ya kutamani kuwa mbili. Waanglikana, Wasabato na Wapentekoste huyatenganisha hayo mawili ya mwanzo na kuiacha ya kutamani kuwa moja. Kwa wote jumla ni kumi. Ziandike ubaoni bila namba, watoto wazisome na kuzieleza, kisha kila mmoja aseme kwao huhesabiwaje. Fanya vivyo hivyo kwa Baba Yetu, ambayo Mkatoliki huikomesha penye "utuopoe maovuni", na wengine wakaendelea na "Kwa kuwa ufalme ni wako".

Jambo nililojifunza kwa kuchelewa, na ambalo ningependa ulishike mapema, ni kutosema "sisi" ukiwa mbele ya darasa hilo. Sema "Waanglikana husali hivi", "Wasabato huishika Jumamosi". Ibara ya 19 ya Katiba yetu inasema kueneza dini ni jambo la hiari ya mtu binafsi, na wewe umesimama pale kama mtumishi wa shule ya watu wote.

Mama Watatu
Shikamoo, mwalimu. Kwa heshima zote, naona watoto wa miaka 10 au 11 watachanganyikiwa tukianza kuwahesabia tofauti za makanisa. Afadhali kuwafundisha habari za Yusufu, Ruthu na Msamaria Mwema, na mengine tuachiwe sisi nyumbani.

Mwalimu wa Kilifi
Mama, tofauti hizo watoto wanazo tayari. Ndizo zilizomkuta mwalimu darasani. Huku Kenya kuna silabasi ya taifa ya elimu ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu, na katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, maswali 30 kati ya 90 ya karatasi ya Masomo ya Jamii yalikuwa ya dini. Silabasi hutupunguzia ugomvi wa namna hii, ila niliwaona wengi wakikariri kwa ajili ya alama tu.

Ustadhi wa Pwani
Asalaam aleikum. Mwalimu, nakusihi usimwache huyo binti chini ya mti hata wiki moja zaidi. Wala mimi na wewe tusimwulize anataka kwenda upande gani, kwa sababu kumjibu mmoja wetu kwake ni kumkataa baba au mama. Mwalimu mkuu awaite wazazi wote wawili kwa pamoja, wakubaliane, na makubaliano yaandikwe. Kabla ya hapo, mpe kazi ya kusoma ndani, penye mwalimu wa kumwangalia.

Mwalimu wa Machungwani
Ahsanteni sana. Jumatano niliziandika amri bila namba, na kabla ya kuanza nikamwomba radhi yule mtoto mbele ya wenzake walewale. Mama Watatu, nimekusikia: muhula huu nitaanza na Yusufu, lakini wakiniuliza kuhusu tofauti zao nitawajibu.

Binti sasa hukaa maktaba wakati wa kipindi. Baba yake amekubali kuja Ijumaa baada ya swala, na mama yake vilevile. Bibi ndiye anayemlea, kwa hiyo kesho jioni nitakwenda kwake kumwalika mwenyewe.