Barua ya maegesho ya Zainabu (kikundi cha familia, England)

Zainabu: Shikamooni wakubwa. Nimerudi kazini nimekuta barua. Madai ya maegesho pauni 100, nikilipa ndani ya siku 14 zinashuka hadi 60. Ni ile tarehe 6 Mei, pale madukani tulipompeleka mama kupima macho. Saa 2 ni bure, gari limekaa saa 2 na dakika 31. Na kampuni ya gari imeshanikata pauni 30 za kwao kwa kushughulikia. Nalipa hizo 60 nipumzike.

Mama: Marahaba mwanangu, pole sana. Wapima macho ndio waliochelewa, tuliitwa wa mwisho.

Mjomba: Tupa hiyo. Hao si halmashauri, hawana faini. Mimi nilitupa tatu na hakuna aliyekuja kuniuliza.

Kaka Idi: Mjomba shikamoo. Ni kweli si faini, ni madai ya kampuni binafsi. Ila zako zilikuwa kabla ya Oktoba 2012. Sheria iliyowakataza kufunga magari minyororo kwenye viwanja vya watu ndiyo hiyo hiyo iliyowaruhusu kumdai mwenye gari hata kama hawamjui dereva. Halafu 2015, kwenye kesi ya Beavis, dereva aliyezidisha muda wa maegesho, Mahakama ya Juu ilikubali pauni 85 kuwa halali. Siku hizi ukinyamaza wanaweza kwenda mahakamani, na hukumu usiyoilipa ndani ya mwezi inakaa miaka 6 kwenye rekodi yako ya mikopo. Zainabu usitupe. Na usilipe kwanza.

Mama: [ujumbe huu umefutwa]

Kaka Idi: Ahsante mama kwa kufuta. Tusiandike popote nani alikuwa kwenye usukani. Simfundishi mtu uongo. Kwa madai haya ya binafsi sheria haimlazimishi Zainabu kumtaja dereva, basi asimtaje. Kwenye barua zote ajiite "mkodishwaji", asiandike "niliegesha" wala "nilichelewa".

Shangazi Rukia: Kuna tofauti gani sasa, si gari ni lake?

Kaka Idi: Si lake shangazi, na hapo ndipo penyewe. Gari ni la kukodi kwa mkataba wa miaka 3. Pale DVLA, yanakosajiliwa magari, limeandikwa jina la kampuni ya gari, kwa hiyo barua ya kwanza ilikwenda kwao, wao wakamtaja Zainabu. Zainabu, bahasha unayo bado? Ndani kulikuwa na nini?

Zainabu: Karatasi moja, mbele na nyuma. Mbele picha mbili za namba ya gari, kuingia na kutoka. Nyuma namna ya kulipa.

Kaka Idi: Angalia tena. Hamna nakala ya mkataba wako?

Zainabu: Hamna. Nimekung'uta na bahasha.

Kaka Idi: Basi sikiliza. Sheria ni ya 2012, Jedwali la 4, aya ya 13 na 14. Wakitaka deni limwangukie mkodishwaji, lazima ndani ya siku 21 tangu kampuni ya gari iwape nyaraka wakutumie barua pamoja na nakala nne: ile barua ya kwanza iliyokwenda kwa kampuni ya gari, tamko la kampuni hiyo kwamba gari limekodishwa kwako, mkataba wenyewe, na karatasi uliyosaini kukubali kubeba madai ya maegesho. Kama hawakuambatanisha, hawawezi kukudai kama mkodishwaji. Wanabaki na dereva, na dereva hawamjui.

Mjomba: Hii sikuijua.

Shangazi Rukia: Mimi niliwahi kukuta kampuni ya gari imelipa yenyewe kisha ikanikata yote. Sikupata hata nafasi ya kusema neno.

Kaka Idi: Hilo ndilo baya kuliko yote, maana wakishalipa rufaa imekufa. Zainabu, kesho wapigie waambie: madai yoyote ya binafsi wasilipe, wapeleke jina lako tu. Zile 30 soma mkataba. Kama zimeandikwa, sidhani utazirudisha hata ukishinda.

Zainabu: Sawa kaka. Rufaa naandika kwao wenyewe?

Kaka Idi: Kwao kwanza, una siku 28. Punguzo la siku 14 lisikukimbize. Wakikataa watakupa namba ya POPLA, waamuzi huru wa rufaa za maegesho, kama chini ya barua kuna nembo ya BPA, chama cha kampuni za maegesho.

Zainabu: Ipo.

Kaka Idi: Vizuri. POPLA ni bure, na uamuzi wao unaifunga kampuni, haukufungi wewe. Lakini kabla ya yote hayo, nenda pale kwa wapima macho uongee na meneja. Mteja wao alikaa kwa sababu yao. Wenye maduka wanaweza kuomba madai yafutwe, na mara nyingi ndiyo njia fupi. Utahitaji risiti.

Zainabu: Risiti mimi sina.

Mama: Ninayo mimi. Niliikunja nikaitia ndani ya kasha la miwani. Imeandikwa tarehe na saa tuliyolipa.

Zainabu: Mama! Ipige picha basi.

Mama: [picha]

Kaka Idi: Inasomeka. Saa 9 na dakika 12, na kamera inasema gari limetoka 9 na 20. Nenda nayo kesho.

Zainabu: Natoka kazini saa 10, napitia pale. Rufaa naiandika usiku huu, kaka utaisoma kabla sijatuma?

Kaka Idi: Nitumie pembeni.