Naomba ushauri: Aliyefilisika anauliza "Mungu ana kusudi gani na mimi?" Tumsaidieje kwenye ushauri nasaha?

Kamati_Usharika
Bwana Yesu asifiwe wakuu. Naomba ushauri kuhusu kazi ya kamati ya ushauri nasaha usharikani. Wengi wanaokuja wamepata pigo: duka limefungwa, ajira imekwisha, mikopo ya kausha damu imewakaba. Wote wanauliza Mungu ana kusudi gani na haya yote. Kawaida mtu anasomewa Yeremia 29:11, anaombewa, anaitikia amina, na kikao cha pili haji. Imani iingie wapi bila kugeuza ushauri kuwa ibada? Na hilo kusudi linatafutwaje? Tunakaa na mtu saa moja kwa wiki.

Nasaha_Moro
Mkuu, andiko halina kosa, mnalitoa mapema mno. Barua ya Yeremia 29 waliandikiwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli. Kabla ya aya ya 11 wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wautakie amani mji walimo (aya ya 5 hadi 7), na aya ya 10 inataja miaka 70. Ukimpa mtu aya ya 11 peke yake anasikia ahadi ya wiki ijayo. Wiki ijayo anayemdai anagonga mlango, naye anabaki na mawazo mawili: ama Mungu hakusema kweli, ama yeye hana imani. Kwa aibu hiyo, hawezi kurudi kwenu.

Mtazameni na Yusufu. Aliuzwa akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao ana miaka 30. Ongeza miaka 7 ya shibe na 2 ya njaa: anapowaambia ndugu zake kwamba Mungu ndiye aliyemtanguliza Misri (Mwanzo 45:5), imepita miaka kama 22. Na alisema mwenyewe. Hakuna aliyemfuata gerezani kumweleza maana ya gereza. Kwa hiyo kusudi msimpe mtu ninyi. Kazi yenu ni kumkalisha mahali ambapo ataweza kuliona.

Kikao cha kwanza Biblia ibaki imefungwa. Muulizeni mambo manne: imani yake inasimama wapi kwa sasa, ina uzito gani katika pigo hili (inamtia nguvu au inamwongezea hofu), nani kanisani yuko karibu naye, na je, angependa maombi au maandiko yawe sehemu ya vikao. La nne ni ridhaa, na anaweza kusema hapana bila kununiwa na mtu. Akijibu kwamba Mungu anamwadhibu au amemtupa, liandikeni. Hilo ni jeraha la kushughulikiwa, na mkikimbilia kumsahihisha hatalitaja tena.

Maombi yawe mwisho wa kikao, dakika mbili, kwa maneno aliyoyatumia yeye. Msimwombee katikati anapolia, maana ataelewa kwamba machozi yake yamewachosha. Wala msimhubirie mkiwa mmefumba macho, "Bwana msaidie ndugu yetu aache uvivu." Hapo mmemhukumu na hana nafasi ya kujibu.

Nesi_AfyaYaAkili
Naongezea upande wa mwili, kwa sababu sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) huwa inaitwa upungufu wa imani hadi mtu anaharibikiwa. Tumieni dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lipo kwa Kiswahili. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu kuanzia 0 (hapana kabisa) hadi 3 (karibu kila siku), jumla 27. Akifikisha 10 au zaidi, aende hospitali akachunguzwe, huku vikao vyenu vikiendelea.

Swali la 9 ni la kutamani kufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo 0 linafuatiliwa hapo hapo bila kusubiri jumla. Ulizeni waziwazi: "Umefikiria kujiua? Kwa njia gani? Hicho kitu unacho nyumbani?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Kama ana mpango na kifaa, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, sumu au kamba iondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akisindikizwa.

Mambo mengine mawili hupotezwa sana. Mtu anayetumia dawa za akili, za sukari au za kifafa asifunge wala asiache dawa kwa neno la mtu yeyote kanisani. Liko mikononi mwa daktari wake. Na mtu asiyelala siku tatu, anaongea mfululizo, anataka kutoa sadaka kila alichonacho, msimshangilie kwamba amepata upako. Inaweza kuwa ugonjwa unaohitaji hospitali haraka.

Kamati_Usharika
Nashukuru sana. Sasa kikao cha pili na kuendelea, maandiko gani? Na kama mtu amejiletea mwenyewe, mfano hela ya mkopo aliiweka kwenye kubeti?

Mwinjilisti_wa_Zamu
Anza na maombolezo. Zaburi 13 ina aya 6 tu: aya 1 na 2 ni malalamiko ("hata lini"), 3 na 4 ni ombi, 5 na 6 ni tumaini. Mpe karatasi aandike ya kwake kwa mpangilio huo, robo saa. Akikwama kwenye malalamiko, mwache aishie hapo. Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani na imo kwenye Biblia. Kinachoharibu zoezi hili ni mshauri kumharakisha afike kwenye sifa. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa naye kimya (Ayubu 2:13). Walipoanza kumweleza sababu ndipo walipokosea.

Halafu 1 Wafalme 19, nayo ndiyo ningeipa uzito kuliko zote. Eliya anaomba afe. Anaachwa alale, anapewa mkate na maji, analala tena, analishwa tena. Swali "unafanya nini hapa?" linakuja baadaye, na baada ya swali anapewa kazi yenye majina ya watu. Fuateni mpangilio huo: usingizi na chakula, kisha kusikilizwa, kisha kazi.

Kuhusu kubeti, gawanya karatasi safu tatu: nililofanya mimi, nililofanyiwa, na lisilo la mtu (ukame, ugonjwa, soko kuanguka). Toba ni ya safu ya kwanza tu. Wengi wanatubia safu zote tatu, ndiyo maana hawapati nafuu hata wakitubu mara mia. Na anayebeti kila siku toba pekee haimtoshi: simu na laini ya pesa zishikwe kwa muda na mtu anayemwamini, kwa ridhaa yake.

Fundi_wa_Nasaha
Kwenye kutafuta kusudi kwenyewe, msiulize "wito wako ni nini?" Aliyeanguka swali hilo linamlemea. Apewe daftari la wiki: kila siku kitu kimoja kidogo chenye saa maalumu, kama kufagia uwanja saa 1 asubuhi au kumtembelea mgonjwa wa jumuiya Alhamisi saa 10. Jioni aandike alama 0 hadi 10: lilimpa uhai kiasi gani? Baada ya wiki 4 mnasoma pamoja na kutafuta yanayojirudia juu ya 6. Hapo kusudi linaanza kuonekana, na mara nyingi halifanani na alilopoteza.

Deni lishughulikiwe kando: orodha ya wanaomdai, kiasi, riba, tarehe za marejesho, kisha akazungumze nao akiwa na mtu wa kamati. Mshauri mwenyewe asimkopeshe hata shilingi, kwa sababu mteja anayekudai au unayemdai hakuambii kweli.

Kosa kubwa ninaloomba mliepuke ni kumsimamisha atoe ushuhuda madhabahuni wakati bado anatetereka. Akisema mbele ya watu 300 kwamba Mungu amemwinua, akianguka tena atamficha nani? Wengine huhama kanisa kwa hilo.

Kamati_Usharika
Dodoso tukishajaza tuyahifadhi wapi? Ofisi ya usharika inaingia kila mtu.

Nesi_AfyaYaAkili
Msiandike jina, andikeni namba. Daftari la majina na namba likae kwa mtu mmoja, dodoso kwenye kabati yenye kufuli kwa mwingine. Na mwambieni mteja mapema kwamba siri inavunjwa pale tu uhai wake, wa mtu mwingine au wa mtoto ukiwa hatarini. Mtoto akiguswa, taarifa inakwenda kwa afisa ustawi wa jamii na polisi, haimalizwi kwenye baraza la wazee.