Ukoo wa Bibi: Kumbukumbu za Mvua 🌧️

*Alhamisi*

[16:02] Dada Zuhura: Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nakumbusha tena. Kijitabu cha Bibi cha kumbukumbu za mvua nakifunga Jumamosi. Kila mtu aandike yake, fupi au ndefu. Asiyeweza kuandika atume sauti, nitaichapa mwenyewe. Macho ya Bibi yamechoka, Rehema ndiye atakayemsomea. Mpaka sasa ninazo mbili, na moja ni yangu.

[16:29] Mjomba Hamisi: [Picha: maua na njiwa, "Alhamisi Njema"]

[16:30] Dada Zuhura: Asante Mjomba, nawe pia. Na ya mvua je?

[16:47] Bakari: Mimi kumbukumbu yangu ya mvua ni usingizi. Andika hivyo hivyo.

[16:47] Dada Zuhura: Bakari usinianze.

[16:48] Bakari: Basi ongeza "mzito".

[16:55] Dada Zuhura: Naona mnasoma mnapita. Kila nikituma, alama za kusoma zinajaa, majibu hakuna. Jamani, ni Bibi huyu, si mimi.

[17:10] Salma: Dada yangu hii hapa, nimeiandika kwenye foleni.

Mimi nakumbuka harufu. Kabla tone halijaanguka uani, upepo ulikuwa unatuletea harufu ya udongo kutoka huko mvua ilikoanzia. Bibi akiisikia anasema neno moja tu: "Anueni." Hakuna aliyeuliza anue nini, kila mtu mbio kwenye kamba. Halafu umeme unakatika, tunarundikana kitanda kimoja, mwako ukipiga tunahesabu pamoja mpaka ngurumo ifike. Nani yule alikuwa anahesabu harakaharaka ili radi ionekane iko mbali?

[17:11] Bakari: Zuhura.

[17:11] Halima: Zuhura 😂

[17:12] Dada Zuhura: Nilikuwa nawatuliza nyinyi. Salma, asante, nzuri sana. Wengine mmeona? Hivyo ndivyo ninavyotaka.

[17:16] Kaka Musa: Salma umenikumbusha mbali. Ile hesabu tulikuwa tunaikosea wote. Mwanga unafika papo hapo, sauti ndiyo inayochelewa, inachukua kama sekunde 3 kwa kila kilomita. Sisi tukifika tisa tunasema radi iko kilomita tisa, tunalala raha, kumbe iko kilomita tatu. Na hiyo harufu ni bakteria wa udongoni wanaoitengeneza, kemikali yake inaitwa jiosmini. Pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa kidogo mno hewani. Kwa hiyo Bibi hakuwa anabahatisha.

[17:18] Bakari: Mwalimu, kengele imelia, tuache twende nyumbani.

[17:21] Halima: Samahani kuwakatisha. Huku kwetu kunanguruma vibaya na Yusufu yuko uwanjani kwenye mazoezi. Nimempigia kocha, anasema mvua bado haijaanza, wanamalizia. Nifanyeje?

[17:22] Bakari: Mwambie afunge bao la radi ⚽⚡

[17:22] Kaka Musa: Halima, usisubiri mvua. Ukisikia ngurumo tu, radi inaweza kukufikia ulipo, hata juu kukiwa kweupe. Watoke uwanjani sasa hivi. Waingie ndani ya jengo lenye kuta, au ndani ya gari lililofungwa vioo. Wasikimbilie chini ya mti, na wasijibanze kwenye vile vibanda vya wazi vya pembeni.

[17:23] Halima: Ana raba miguuni, haisaidii?

[17:23] Kaka Musa: Hapana. Radi imekata kilomita za hewa, soli haiizuii. Hata gari halikuokoi kwa matairi, ni lile bodi la chuma linalopitisha umeme kwa nje mpaka chini.

[17:24] Mjomba Hamisi: Kuna mtu mmoja Marekani, Roy Sullivan, mlinzi wa hifadhi ya Shenandoah. Radi ilimpiga mara 7 kati ya mwaka 1942 na 1977 na hakufa kwa radi. Nilisoma zamani.

[17:24] Bakari: Mara saba?? Huyo alikuwa anadaiwa na mawingu.

[17:25] Dada Zuhura: Mjomba, mtoto wa watu yuko uwanjani.

[17:25] Mjomba Hamisi: Namtia moyo mama yake.

[17:26] Halima: Naenda kumchukua mwenyewe.

[17:27] Kaka Musa: Nenda. Na wasirudi kucheza mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena wanaanza kuhesabu upya. Wengi hupigwa mvua ikiwa inaisha, watu wameshatoka.

[17:29] Kaka Musa: Na walioko nyumbani kunakonguruma, msioge wala msioshe vyombo. Radi hupita kwenye mabomba.

[17:30] Bakari: Mvua ikinyesha mimi sikuwahi kuoga. Leo nimepata mtetezi.

[18:14] Halima: Ninaye, tuko ndani. Kocha alikuwa bado anapuliza filimbi. Mikono inanitetemeka mpaka sasa, nitaandika baadaye.

[18:15] Salma: Alhamdulillah. Pole mama.

[20:33] Dada Zuhura: Haya, tumshukuru Mungu kwa Yusufu, turudi kwenye kazi. Naweka hapa yangu mwone mfano, halafu kesho nataka zenu.

*USIKU WA MTI. Upepo ulianza ghafla, Bibi akasema anueni, Idi akatumwa uani. Radi ikaupiga ule mti mkubwa nyuma ya nyumba, nyumba nzima ikatikisika. Idi akarudi amelowa chapachapa, nywele zimesimama kama ufagio, macho yamemtoka, hasemi lolote. Tulicheka mpaka tukalia. Mpaka leo Idi akishika nguo za kuanua, tunacheka.*

[20:35] Bakari: 😂😂😂 Idi wa ufagio!

[20:36] Salma: Nakumbuka lile shuka jeupe 😂

[20:41] Mjomba Hamisi: 😂 Mti ule ulikuwa mzuri sana.

[23:52] Idi: Dada Zuhura shikamoo. Nimeisoma.

[23:58] Idi: Nilikuwa na vibanio mdomoni. Nilikuwa nimebakiza lile shuka jeupe. Nikasikia nywele zinanyanyuka, za kichwani na za mikononi, na chuma cha kibanio kikaanza kunichonyota ulimi. Halafu pakawa peupe. Nyote mnasema ngurumo ilitikisa nyumba. Mimi sikuisikia. Nilijikuta chini, miguu imekufa ganzi mpaka magotini, sikio la kushoto linapiga filimbi, maganda ya mti yametapakaa mpaka kizingitini. Nikatambaa mpaka mlangoni nikagonga. Ndani kuna komeo. Nikagonga tena. Kwa sikio lililobaki nilikuwa nawasikia mnacheka. Sijui mlikuwa mnacheka nini. Sikio hili mnalijua lilivyo hadi leo, mnaniambia tu "Idi ukiitwa huitiki".

[23:59] Idi: Kipande hicho msikiweke. Au kiwekeni kwa maneno yangu.

*Ijumaa*

[05:44] Mjomba Hamisi: [Picha: jua linachomoza, "Ijumaa Njema kwa wote"]

[06:12] Dada Zuhura: Idi mdogo wangu, marahaba. Sikulala vizuri. Lakini na wewe, miaka yote hii umekaa kimya, nani angejua? Uliporudi ndani hukusema neno. Sisi tuliona mtoto kalowa. Na mlango tulifunga kwa sababu upepo ulikuwa unaubamiza.

[06:20] Salma: Tulifunga? Dada, aliyetia komeo ni nani?

[06:21] Dada Zuhura: *Ujumbe huu umefutwa*

[06:22] Bakari: Nimeuona kabla haujafutwa.

[06:22] Dada Zuhura: Bakari, leo nyamaza.

[06:40] Kaka Musa: Idi, nimesoma ujumbe wako na kuurudia. Nywele kusimama ni dalili kwamba radi iko mbioni kupiga hapo hapo ulipo. Na ule ganzi wa miguu, radi ikipiga mti umeme unasambaa ardhini, unapandia mguu mmoja unatokea mwingine. Yale maganda, joto la radi linafika kama nyuzi 30,000, maji yaliyomo ndani ya mti yanageuka mvuke mara moja, ganda linaruka. Na sauti ya karibu namna ile huweza kupasua ngoma ya sikio. Ndugu yangu, mimi nafundisha haya kila mwaka, na sikuwahi kukuuliza. Je, uliwahi kupimwa sikio?

[07:03] Mjomba Hamisi: Nani kapigwa na radi? Halima, si ulisema mtoto mzima?

[07:04] Halima: Yusufu mzima Mjomba, amekwenda shule. Hiyo ni ya Idi, ya zamani. Soma juu.

[07:05] Mjomba Hamisi: Simu yangu haipandi juu.

[07:30] Salma: Idi, mimi nilikuwa nacheka humo ndani, sikumbuki kwa sababu gani. Nisamehe kaka yangu.

[09:15] Dada Zuhura: Tusilifanye kubwa. Naweza kukiondoa kipande chote tukaweka kingine. Mbona usiku wa mafuriko haujaandikwa?

[09:16] Salma: Mwenyewe amesema kiwekwe kwa maneno yake.

[09:17] Dada Zuhura: Alisema kisiwekwe AU kiwekwe. Nachagua cha kwanza ili tuelewane.

[10:48] Rehema: Shikamooni. Bibi aliniambia nimsomee kikundi tangu jana mchana, nimemsomea vyote. Ametaka kusema.

[10:49] Rehema: 🎤 Sauti (2:14)

[10:52] Kaka Musa: Niko darasani, siwezi kufungua sauti. Rehema niandikie.

[11:09] Rehema: Haya, neno kwa neno:

"Nimesomewa. Idi, baba, nimekusikia. Usiku ule aliyefungua mlango ni babu yenu, si nyinyi. Alisimama akasema, nguo hazijaingia, na mtoto je? Akatoa komeo. Mtoto amejikunja kizingitini, amezilalia nguo. Nguo za nyumba nzima ziko chini ya tumbo lake. Mgongo wote maji, nguo kavu. Nilizikunja mimi kwa mikono yangu usiku ule. Asubuhi mlivaa nguo kavu mkaenda shule, hakuna aliyeuliza zimekaukaje. Zuhura, ukiuandika usiku ule, hayo yawemo. Na ya Idi yawemo kama alivyosema, neno lisipungue. Kama hayamo, kitabu msiniletee. Na la komeo, sitaki kusikia nani. Rehema, zima."

[11:58] Dada Zuhura: Nimesikia Bibi. Itakuwa hivyo.

[11:59] Salma: Nimesikia Bibi.

[12:04] Halima: Tumesikia Bibi. Mimi hata hili la nguo sikulijua.

[12:10] Kaka Musa: Hakuna aliyelijua.

[12:31] Bakari: Dada Zuhura, futa ile ya usingizi. Andika hii: Ngurumo zikizidi, Babu alikuwa anatukusanya katikati ya chumba, mbali na madirisha, anasimulia hadithi kwa sauti ya juu kuishinda mvua. Ngurumo ikipiga, anaiingiza kwenye hadithi, anasema huyo ndiye mfalme amegonga mlango. Mpaka leo kukinguruma nasubiri mtu aendeleze.

[12:33] Dada Zuhura: Bakari. Asante.

[13:20] Idi: Shikamoo Bibi.

[13:26] Rehema: Anasema marahaba. Anauliza Jumapili utakuja?

[15:02] Dada Zuhura: Haya, mipango. Nimeuandika upya usiku wa mti. Unaanza na Babu anatoa komeo, halafu yanafuata maneno ya Idi yote. Idi nimekutumia faragha, usome kabla sijachapa. Kufunga bado ni kesho. Tunamsomea Bibi Jumapili mchana, kila mtu asome chake mwenyewe.

[15:10] Kaka Musa: Jumapili nina mitihani ya kusahihisha, nitachelewa. Ila nije na Idi, nimpitie?

[15:15] Mjomba Hamisi: Kwani ni Jumapili hii?

[15:15] Dada Zuhura: Hii, Mjomba.

[15:17] Mjomba Hamisi: Mimi nilidhani Jumamosi.

[15:18] Dada Zuhura: Jumamosi tunafunga kuandika. Jumapili tunasoma.

[15:40] Salma: Na kukinyesha Jumapili?

[15:41] Bakari: Tunasoma na mapigo.

[17:55] Dada Zuhura: Idi umeiona? Naona umesoma.

[18:37] Dada Zuhura: Idi?

[19:20] Idi: Nimeiona. Shuka halikuwa limeanuliwa, lile ndilo lililobaki kwenye kamba. Rekebisha hapo.

[19:21] Dada Zuhura: Narekebisha sasa hivi. Na Jumapili je? Musa anauliza akupitie.

[19:48] Halima: Dada, mimi ya kwangu bado. Nataka kuandika ya jana ya Yusufu lakini nikianza nashindwa. Nipe mpaka Jumatatu.

[19:49] Dada Zuhura: Halima, Jumapili tunasoma.

[19:49] Halima: Basi yangu isomwe siku nyingine.

[19:52] Dada Zuhura: Nakupa mpaka Jumapili asubuhi. Musa, mpigie Idi, mimi hapokei.

[20:30] Kaka Musa: Nimempigia. Anasema ataangalia.